Nauli ya Kinanda

Tiketi yangu imeandikwa Howrah,
lakini saa kumi na moja kasoro, alfajiri,
treni ikakohoa mara mbili, ikanyamaza,
na sauti ya kipaza ikatangaza, bila hata kuomba radhi,
kwamba leo mwisho wa safari ni Santragachi.

Santragachi! Mji uko ng'ambo ya mto,
mimi niko ng'ambo ya mji,
na mapajani nimepakata kinanda cha mama
kilichofungwa kwa shuka la maua na kamba ya katani.

Mama yangu, Kadambini, hufundisha watoto kuimba kule Baleshwar.
Tangu mvua za Agosti sauti moja imekwama:
ukivuta mvukuto tu, hujagusa kitu, inalia,
ndefu, nyembamba,
kama mtu mwenye neno asiyejua aanzie wapi.
Ulimi hauna mfupa, na huu wa shaba ndio kabisa.
"Mpelekee Haripada," kaniagiza. "Mwenyewe. Si yule mwanawe."

Ukungu. Nyuma ya reli kuna ziwa,
na katika ziwa bata waliotoka mbali kuniliko,
wanagombana kwa raha
kama watu waliofika walikokusudia.

Ramashray, wa teksi ya njano, kajitanda blanketi hadi puani.
Alilitazama shuka, hakunitazama mimi. "Mia saba."
Nikamwambia siinunui teksi, naipanda tu.
"Mia sita na nusu, kwa kuwa umenichekesha."
Hakuwa amecheka.

Basi, ngazi. Thelathini na nane, nilizihesabu kwa magoti,
hadi barabarani, na gari la Dharmatala likatokea ukunguni
nusu tupu, taa moja chongo.

Mbele yangu, mchuuzi wa vifaranga vya samaki
ameketi na sufuria pana kati ya miguu,
anayapiga maji kwa kiganja, pa-pa, pa,
wapate pumzi; akiacha, wanakufa.
Usiku kucha hajaacha. Anasinzia, mkono hausinzii.

Halafu shimo.
Kinanda kikalia ndani ya shuka.

Shingo zote zikageuka. Muuguzi mmoja akashika moyo.
Kondakta, Gopen, noti zimechomoza kati ya vidole vyake,
akaja taratibu: "Nani huyo?"
"Ni kinanda. Kinalia chenyewe."
"Analia," akanisahihisha. "Na mwenye sauti ni abiria.
Kumi na tano zako, kumi na tano zake."

Nililipa. Ungefanya nini?
Shimo la pili, akalia tena, safari hii
mkono wa mchuuzi ukamdaka: pa-pa, pa,
maji na shaba, shaba na maji,
hakuna aliyekubaliana na mwenzake na wote wakapatana.
Muuguzi alifumba macho. Gopen alisahau kuita kituo,
mzee mmoja akapitishwa kwake, wala hakutukana.

Kisha daraja. Nyaya kubwa zimekazwa toka mawinguni,
nyingi hivyo, na hata moja haisemi kitu.
Chini, mto ulikuwa ukungu tu unaotembea.
Tuliposhuka upande wa pili gari liliruka, likatua kwa kishindo,
nikangoja.
Kimya.
Mchuuzi naye akasikiliza, mkono juu ya maji,
kitambo kidogo mno, kisha akaendelea peke yake.

Haripada alikifungua saa nne, miwani kwenye paji.
Akavuta mvukuto. Akavuta tena. Akapuliza, akagonga.
"Hana kitu huyu. Nani kamtengeneza?"
Hakuchukua hata senti, na nadhani alikasirika.

Mama akapiga simu: "Amekutoza ngapi?"
Nilitazama tiketi mbili mkononi, laini kama ngozi ya kitunguu.
"Kumi na tano."
"Haripada? Kumi na tano? Basi kaharibu."
"Hapana, mama. Amepona."
Akanyamaza kidogo.
"Amepona nani?"