Mlango wa Nne

Slough, Februari, zamu ya usiku.
Upepo unaleta harufu ya kakao kutoka kiwandani
hadi kizingitini tu. Ndani ni baridi ya mashine
na mvumo usiopumua.
Seva moja, milango minne ya mtandao,
na kila mlango una saa yake kifuani,
chembe ya jiwe inayotetemeka.
Ningependa kusema zinaelewana.
Tatu zinaelewana.

Emrys kaacha karatasi ya njano,
kwa ule mwandiko wake wa daktari:
Wa nne anadanganya. Usimguse kabla ya kahawa.
Kisha kaenda zake likizo, Wrexham, na simu kazima.

Nikaanza na waya.
Nikaung'oa, nikatia mwingine. Vilevile.
Nikapima joto la kadi: nyuzi hamsini na moja,
kama nduguze.
Nikapanda darini, manyunyu yakinipiga usoni,
kuitazama antena inayopokea majira kutoka angani,
isije ikawa njiwa kaifanya kiti.
Njiwa alikuwepo. Hakuwa na hatia.

Nikarudi kwenye hesabu.
Saa kuu hutuma salamu: sasa ni sasa.
Mlango hujiuliza, salamu hii imetembea muda gani?
Hupeleka swali, hupokea jibu,
hujumlisha njia zote mbili, hugawa kwa mbili,
na hapo ndipo imani ilipojificha,
kwamba kwenda ni sawa na kurudi.
Mimi niliyekata tiketi ya kwenda tu,
miaka kumi na minne sasa,
nilikaa kidogo nikiitazama ile alama ya kugawa.

Lakini si hapo. Njia zililingana,
tofauti ni nanosekunde kumi na mbili, hazimdhuru mtu.

Saa tisa na robo niliandika namba kiganjani kwa kalamu,
maana kwenye skrini zinapita mbio.
Wa kwanza, sifuri na ushei.
Wa pili na wa tatu, sifuri na ushei.
Wa nne, thelathini na saba.
Sekunde thelathini na saba, nzima,
bila hata kombo la kutaja.

Kosa halinyooki hivyo.
Kosa huyumba, hutapatapa, hulewa joto la mchana.
Anayesimama wima juu ya namba nzima
hadanganyi; kaanza kuhesabu kwingine.

Kuna saa za atomi, zisizojali dunia ikizembea kuzunguka,
na kuna saa za watu, ambazo kila baada ya miaka
huzuiwa sekunde moja ili dunia itufikie.
Pengo limefika thelathini na saba.
Milango mitatu iliambiwa ilitoe.
Wa nne hakuambiwa na mtu.
Alikuwa akisema kweli kwa lugha ya chanzo
mbele ya wakalimani watatu.

Nilicheka peke yangu baina ya makabati.
Mwaka wangu wa kwanza nilimwahidi mwenye nyumba,
Bi Tranter, kwamba kodi nitaileta saa mbili.
Namba niliisema kwa lugha yake,
hesabu ilikuwa ya kwetu, inayoanza jua likichomoza.
Nikagonga asubuhi, kafungua na gauni la kulalia,
mkate unaungua jikoni.
Saa sita za tofauti, nzima, bila kombo.

Mstari mmoja kwenye faili. Nikautia mlango majira.
Namba ikaporomoka, ikapita sifuri, ikarudi,
ikageuka-geuka kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia,
ikatulia.

Chini ya mwandiko wa Emrys nikaandika:
Hakudanganya. Hatukumuuliza anahesabu tangu wapi.
Kiganja nilikiosha mara mbili;
ile saba bado inaonekana.
Kahawa sijanywa.