Joto la Thelathini

Figo langu la kushoto linaishi Szeged,
mtaa wa pili kutoka mtoni, ghorofa ya tatu,
nyongani mwa dada yangu Piroska.
Mimi naishi mji mwingine. Hatuonani, mimi na figo.

Mgeni siku mbili. Ya tatu lilipewa jembe,
likalima mkojo usiku kucha,
na nesi akauinua mfuko juu kama aliyeshinda kombe.

Lakini mwili hausahau sura.
Una mlinzi, na mlinzi hajali undugu:
angenitambua mara moja kuwa si wa pale.
Basi asubuhi saa mbili, jioni saa mbili,
Piroska humnywesha dawa ya usingizi,
vidonge viwili vyeupe na nusu ya cha manjano,
ili nikae.

Mlango wa mlinzi aliyesinzia
haumwingizi ndugu peke yake.

Ilianza Novemba, kidoleni, kipele kisicho na haraka.
"Baridi," akasema daktari wa mtaa.
Kisha kingine kwenye kifundo, kingine chini ya kiwiko,
vinundu vya zambarau vikiupanda mkono
kama wazee wanaopumzika kila ghorofa.
"Jongo," akasema wa pili. "Jipu," wa tatu,
akapasua, hakutoka cha maana.
Dawa za kawaida zikawa kumpigia mbuzi gitaa.

Kipande cha ngozi kikapelekwa maabara,
kikalazwa kwenye kabati la joto la thelathini na saba,
joto la damu, ambalo tunadhani kila kiumbe hulitamani.
Siku kumi. Siku ishirini.
Barua ikaandikwa: hakuna kilichoota.

Yupo mama pale, Etelka Halmos,
anayekula mkate wake amesimama.
Aliisoma barua kabla haijatumwa, akapiga simu:
"Huyu mgonjwa ana samaki?"

Hakuwa nao. Walikuwa wa chekechea anakofundisha,
tangi la lita sitini,
maji aliyoyabadilisha kila Ijumaa
kwa mikono mitupu, watoto wakihesabu ndoo.

Etelka akashusha joto hadi thelathini.
Kwani kipo kidudu cha ukoo wa kifua kikuu
kisichotaka moyo wa mtu wala mapafu yake;
hupenda pembezoni, vidole, viwiko,
damu inakofika imechoka, imepoa.
Siku ya kumi na nne kikachomoza.
Akakisogeza kwenye taa:
kikaona haya, kikageuka manjano.

Dawa mbili, miezi minane. Na jambo la tatu,
ambalo daktari Rónai alilisema akitazama dirisha:
kidonge kipunguzwe robo.
Piroska akanipigia. "Bandi, wanataka kumwamsha kidogo."
Nikauliza, atamwona nani kwanza?
Hakujibu. Nilisikia birika lake likichemka
na hakuna aliyelitoa.

Sasa ni Machi. Vinundu vimeteremka ngazi,
kimebaki cha kidole, kilichotangulia kuja.
Samaki wanahudumiwa na mpishi wa shule
kwa glavu zinazofika kwapani.
Kila Jumanne dada hupimwa damu
na kila Jumanne hunitumia namba, bila salamu:
mia ishirini na nane. Mia ishirini na nane. Mia thelathini na moja.

Jumanne hiyo sikulala.
Nililipapasa kovu langu, ubavuni, pasipo na kitu,
nikaliambia lililo mbali:
lima, lima tu,
ila usiimbe.