Tone kwa Saa

Froukje amebana bomba:
tone moja la sukari kwa saa,
kwa lita nzima ya bakteria.
Nje, mifereji ya Groningen imeganda.
Kahawa yake chungu.

Siku za shibe, milango michache iliwatosha.
Sasa njaa imewatoboa ngozi,
milango kila upande,
na vidole visivyo na macho
vinapapasa maji, vinapapasa,
hadi vinase chembe.
Hata hiyo haiingii bure:
hulipiwa kwa nguvu
ambayo karibu hawana.

Anaandika: wangali hai.

Kisha anamkumbuka mama,
mwaka baba alipoachishwa kazi
kiwanda cha sukari,
alivyoupindua mfuko mtupu
juu ya mkate,
akaukung'uta,
akausikiliza,
akaukung'uta tena.