Shati la Saba

Bibi yangu Mejumaa alikuwa dobi, Changamwe,
mwaka ule wa vita, pasi ya makaa mkononi.
Hakujua kusoma. Alisoma kola:
uzi mwekundu wa rubani,
uzi wa buluu wa fundi wa redio,
mafundo mawili ya yule akaaye mkiani na bunduki,
mtoto tu, alisema, shingo haijaijaza kola.

Jumanne alfajiri ndege yao ikatoka Port Reitz,
injini mbili, tumbo limejaa mabomu,
kutafuta meli zipitazo chini ya maji
(bibi hakuamini kuwa zipo).
Ikapita chini mno, juu ya kamba zake;
shuka zikachapana, jivu likaruka, likamwingia machoni,
naye akaitukana.
Hilo halikumtoka hadi uzeeni:
kwamba la mwisho kuwafuata angani
lilikuwa tusi lake.

Jumatano hakuja mtu.
Alhamisi hakuja mtu.
Ijumaa akazipiga pasi tena,
maana unyevu ulishaanza kuzilegeza.
Jumamosi akaja sajini, kofia kwapani, karatasi mkononi,
akahesabu kwa kidole: sita.
Na hili?
Shati la saba lilikuwa na kiraka begani
na kola iliyogeuzwa upande wa pili.
Hili si letu, akasema.
Ni la Dzombo, akasema bibi.

Dzombo Mwakoyo wa Mtongwe, mpakia mabomu.
Shati alipewa na yule wa mkiani;
siku ile akapewa na nafasi,
achuchumae nyuma kati ya masanduku,
auone mkorosho wa mamake kutoka juu, mara moja tu.
Mtia petroli alimwona akipanda.
Mtia petroli hakuulizwa.
Sajini aliandika kitu, akakifuta.

Bahari ilirejesha kidogo:
gurudumu moja, Tiwi,
na koti la kuelea, vifungo vimefungwa vyote,
ndani hamna mtu.
Wale sita wakachongewa jiwe, jina kwa jina, umri kwa umri.
Wa mkiani alikuwa na miaka kumi na tisa.
Dzombo akaandikwa kwenye daftari la mishahara,
neno moja: Ametoroka.
Siku kumi na moja alizofanya kazi zikakatwa.

Mamake akavuka kutoka Mtongwe kuja kulichukua shati.
Akalikunjua magotini, akalileta puani,
akavuta pumzi, akavuta tena.
Sabuni. Sabuni na wanga.
"Niliifua hata harufu yake," bibi alikuwa akisema,
na akifika hapo hanyanyui macho.

Lakini yule mama, naambiwa, hakulichukia neno la daftarini.
Watu walimwambia, weka matanga, msomee mwanao.
Akakataa. Aliyekufa harudi;
aliyetoroka huenda yuko Tanga, ana mke,
ana haya ya kurudi mikono mitupu.
Miaka ishirini na mbili sahani yake ikafunikwa kwa kawa kila magharibi.
Uongo wa sajini ndio uliomlisha.

Mimi leo nafanya kazi uwanja uleule,
lami juu ya lami.
Nasimama mlangoni pa ndege, nahesabu abiria.
Wenzangu hunicheka: mashine imeshahesabu, wewe watafuta nini?
Nahesabu vichwa, sihesabu tiketi.
Nikifika mwisho narudia, safu hadi safu,
mpaka kule mkiani,
nainama, natazama
penye masanduku.