Alama za Genowefa

Sehemu ya mia nne na kumi na mbili: sifuri.
Kaandika kwa penseli, kakoleza kwa wino,
kisha, kama hajaridhika, kapiga mstari chini.
Nchi nzima ililia usiku ule.
Mzee Wierzba anakufa mezani, kijiko mkononi,
na magazeti ya Łódź yakasema: hapa ndipo kilele.
Mama: "Mtu hafi hivi. Supu haijamwagika hata tone."

Alijua. Doa la bitiruti
lingali kwenye kitambaa cha meza,
upande wa kiti cha baba.

Miaka ishirini na mitatu, kila Jumanne saa mbili usiku,
madaftari tisa ya hesabu, yenye vijumba.
Kwa alama alikuwa mkono wa birika;
kwa siagi, la.

Tumekuja kugawana vyombo.
Halszka ameshika sufuria, hajaiweka kwenye boksi.
"Harusi juu ya barafu," anasema, "hakuna iliyoishinda."
Nafunua. Nne.
"Bibi harusi ana meno ya dukani."
Ziemowit anacheka mpaka anakohoa.
Mimi nashikilia kwamba mbaya kupita zote
ni ile pacha aliyezama anaporudi, mkavu, na sanduku.
Tisa! "Uongo mtupu. Lakini wiki hii niliuhitaji."
Wiki gani hiyo, mama? Nani alikuwa amezama?

Walipobadilisha mwigizaji wa Krystyna:
"Sura mpya, jina lile lile.
Hakuna aliyeshtuka. Hata mumewe."

Kumi ipo moja tu.
Sehemu ya mia mbili na saba, hatuikumbuki hata mmoja wetu.
Halszka anaitafuta kwenye simu, tunabanana kuitazama:
mashangazi wawili wanamenya matufaha.
Basi.
Umeme unakatika, wanaendelea kumenya gizani,
mmoja anauliza bei ya makaa,
mwingine hajibu.

"Sita," anasema Halszka, "kwa huruma."
"Tano."
Tunairudia. Theluji inasugua dirisha la ghorofa ya nane,
sufuria bado iko mapajani mwake.
Chini ya ile kumi mama aliandika maneno mawili tu:
"Ganda halikukatika."

Mara ya tatu tunaliona:
lashuka kutoka kisuni, refu, jekundu, likizunguka,
hadi sakafuni, zima.

Ziemowit hasemi kitu.
Anafungua droo ambayo tulikwisha igawa,
anatafuta kisu.