Muhuri Unaoinama

Wiki ya kwanza Yasuda alinifundisha kugonga muhuri.
Sivyo, akasema, umeusimamisha kama nguzo.
Ulaze kushoto kidogo,
jina lako liliinamie jina la mkubwa wako.
La meneja linamwinamia mkurugenzi,
lako liiname zaidi, ila lisianguke.
Nikacheka.
Yeye hakucheka. Miaka kumi na tisa idara ya hesabu,
na shingo yake nayo ilishaanza kwenda kushoto.

Hapa Sakai tunatengeneza vali za mabomba.
Kazi inaanza saa tatu;
saa mbili na nusu tumeshapanga mistari
tunakariri kiapo kwa sauti moja:
mteja kwanza,
kampuni pili,
mwenzako tatu.
Hakuna nne.
Nimehesabu mara nyingi, mimi mtu wa hesabu.

Jumatano ni siku ya kurudi nyumbani mapema.
Bango linasema hivyo, lina picha ya familia mezani.
Saa moja kamili taa zinazimwa kutoka chini,
ghorofa nzima inameza giza,
kisha, pasipo mtu kusema neno,
tochi za simu zinawaka,
moja, nyingine, nyingine,
tunaendelea na ankara
nyuso zikimulikwa kidevuni
kama watoto wanaotishana kwa hadithi za mizimu.

Kwenye fomu ya saa za ziada naandika arobaini na tano.
Mwezi uliopita, arobaini na tano.
Zinazozidi sijui huzikwa wapi.

Novemba, Okabe wa karibu na mashine ya nakala
aliomba siku tatu: mkewe alikuwa anajifungua.
Fomu ilitaka mihuri sita.
Ikapita meza hadi meza,
kila jina likiliinamia la mbele yake
kama mpunga upepo ukipita.
Ilimrudia siku ya nne.
Mtoto alishapewa jina.
Okabe akatushukuru, akatuletea boksi la biskuti,
kutuomba radhi kwa usumbufu.
Tukazila.
Mimi nilikula mbili.

Mtaniuliza, si uondoke?
Laiti meneja Hirose angekuwa mtu wa kufoka!
Lakini yeye ndiye wa mwisho kutoka,
na ukikohoa leo, kesho utakuta
peremende ya koo juu ya kibodi yako,
hana hata haja ya kusema ni yake.
Ukali ungetufukuza zamani.
Upole wake ndio uliotufunga.

Jana saa tano usiku kengele ikalia.
Kijana wa vifurushi, jasho linamtiririka, na ni Januari.
Boksi la machenza, mama amenitumia kutoka Ehime.
Muhuri hapa, tafadhali.
Nikagonga.
Akaitazama karatasi, akanitazama:
Bi Kurihara, mbona umeniinamia?
Kicheko chake kilikuwa kifupi,
garini kulikuwa na vifurushi ishirini na vitatu.
Nikamsikia akishuka ngazi mbilimbili.

Nikakaa sakafuni na koti langu mwilini,
nikamenya chenza, likanirushia maji jichoni.
Nikagonga muhuri ubavuni mwa boksi.
Umeinama.
Nikagonga tena, nimeushika kwa mikono miwili.
Umeinama.
Nikaleta rula.
Mara ya saba, umesimama wima!
Nilitaka kumpigia mtu simu nimwambie,
ndipo nikaona
ni boksi lililokaa upande,
lilikuwa juu ya kiatu changu.

Nikala la pili. Matamu, yana kokwa nyingi.
Kesho Jumatano.
Nikachomeka simu kwenye chaji.