Nyuzi Sita, Ukuta Mmoja

Bwana Pietrzyk, fundi wa lifti, jirani yangu wa ghorofa ya nne,
kati ya kiti chako na kitanda changu pana tofali moja na chokaa.
Sikukusudia kukusikiliza. Ukuta ndio uliokusudia.

Novemba, theluji ya kwanza ya Łódź, ulipanda kwa ngazi
(fundi wa lifti, na lifti yetu imekufa!)
gitaa mgongoni, kama mtu aliyebebeshwa mtoto si wake.
Usiku ule ulipiga uzi mmoja, ukaunyamazisha.
Ukaupiga tena.
Nikasema: huyu hafiki Krismasi.

Krismasi ikafika, nawe ungali kwenye kodi ile ile.
Si ya nyumba, hiyo najua walipa kwa wakati.
Ni hii ya gitaa, inayodai kidole cha shahada kilale
juu ya nyuzi zote sita pasiwe na hata mmoja wa kulalamika.
Mmoja hulalamika. Daima ni wa pili kutoka chini.
Nimehesabu.

Kisha maboksi yakaanza.
Januari, amplifaya ndogo, nyekundu kama pua ya mlevi.
Februari, pedali ya mwangwi: ukakosea palepale,
nami nikalisikia kosa mara tatu, likififia kuelekea jikoni kwangu.
Machi, gitaa la pili. "La mti wa mwerezi," ulimwambia tarishi mlangoni,
"sauti yake ina joto."
Tarishi akasema, weka sahihi hapa.
Nyuzi za shaba, nyuzi za nailoni, mkanda wa ngozi, stendi,
kitabu,
na kitabu cha kueleza kile kitabu.

Mimi, bwana, miaka thelathini na mmoja nilikuwa kiwanda cha pamba,
mashine namba mia na tisa, mpaka walipofunga geti.
Nyuzi nazijua. Zimenikata hapa, na hapa.
Walipoahidi mashine mpya, za kijani, mwenzangu Genowefa
alizingoja kama binti anayengoja posa.
Zikaja. Uzi ukamkatikia vilevile, mchana kutwa,
maana mkono aliuleta kutoka nyumbani, ule ule.
Alilia chooni. Wiki ya tatu uzi ukaacha kukatika,
na hakuna aliyejua ni siku gani hasa.
Ningekwambia. Lakini maneno haya hayapiti kwenye tofali.

Juni ukanyamaza.
Siku ya kwanza nililala fofofo, nikamshukuru Mungu.
Ya nne niliamka saa saba usiku, nikatega sikio,
nikasikia friji. Yangu, kisha yako.
Ya tisa nikakuta tangazo chini, kwenye ubao wa jengo:
Gitaa mbili na vifaa vyake. Vinauzwa. Havijatumika sana.
Moja halijatumika, kweli. Lakini lile jingine!
Nikalibandua tangazo, nikalitia mfukoni mwa aproni.
Hili ni kosa, nami nalikiri.

Usiku nikavaa subana kidoleni, nikagonga ukuta,
moja, mbili, tatu, nne,
kama tulivyogonga meza za kiwandani mashine zikizimwa.
Kimya.
Nikagonga tena, nikiona haya, na umri wangu huu.
Ndipo kodi ile ikaja, kilema kama zamani,
uzi wa pili ukikohoa.
Nikagonga. Ukapiga. Tuliachana saa tano.

Sasa ni Oktoba. Dakika kumi, baada ya taarifa ya habari,
gitaa lile la kwanza, bila mwangwi.
Siku nyingine dakika tatu, halafu mlango wa kabati
na matusi mawili ninayoyafahamu.
Jana uzi wa pili ulisema.
Mara moja tu. Hukuweza kuurudia.
Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano; nikakosa tundu.

Tangazo lako ninalo, Bwana Pietrzyk.
Njoo ulichukue
ukishatengeneza lifti.